Mbegu Saba Nilizozinyamazia

4 Machi

Daftari la kazini linataka joto, unyevu na idadi, basi. Ukiandika kingine, Mkuu wa bustani anakipigia mstari mwekundu. Mwaka jana niliandika kwamba mche wa tatu una kiburi, akaniita ofisini. Kwa hiyo nimenunua daftari langu mwenyewe. Humu nitaandika yasiyotakiwa kule.

Mvua imeanza leo asubuhi.

5 Machi

Tuna mbegu ishirini na nne za Mkaidi. Jina hilo tumelitunga sisi wa kitalu. La kitaalamu ni refu na halitamkiki mtu akiwa na njaa. Ni mti wa mlimani, na ulikuwa umebaki mmoja tu. Miaka sita tumetafuta wa pili, hatukuuona. Mwaka jana upepo ukauangusha. Nilipofika na kukuta mizizi imetazama juu, nililia mbele ya watu kama niliyefiwa na shangazi.

Tuliokota mbegu hamsini na nne chini yake. Ganda la Mkaidi halipitishi maji, na mbegu isiyokunywa maji haioti. Kitabu kilisema nizimwagie maji ya moto. Nikazimwagia thelathini, kwa mkono wangu huu huu, zikaiva kama maharage. Kitabu hakikuomba radhi.

Hizi ishirini na nne ndizo mti wote uliobaki duniani. Zinaenea kwenye kikombe cha chai.

7 Machi

Njia iliyobaki ni kukwaruza ganda la kila mbegu kwa tupa ndogo mpaka weupe uonekane, bila kugusa kiini. Nimejaribu kwa mbegu za mti mwingine, wa kawaida. Kati ya kumi nimeua sita. Mikono yangu ni ya jembe. Mwenzangu wa kitalu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi, amejaribu naye akaua tisa huku anasimulia mpira.

9 Machi

Baba mkwe amekuja kukaa nasi. Alikuwa fundi saa miaka arobaini, lakini siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, na tangu mama mkwe afariki nyumba ile imekuwa kubwa mno kwake. Amezaa wanaume wanne watupu. Mume wangu ndiye wa mwisho, dereva wa lori, na ndiye aliyemleta. Mzee ameshuka na begi moja la nguo, masanduku mawili ya vifaa, na saa ya ukutani ameikumbatia kama mtoto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe. Nimekuja kukusumbua."

Mimi ni mkali, najijua. Nawafokea wauza mkaa, nawafokea kuku, Mkuu mwenyewe nimemfokea mara mbili. Lakini mbele ya baba mkwe sauti yangu inakuwa ya mtoto wa darasa la kwanza. Mume wangu anasema angejua hivyo angemleta mapema.

12 Machi

Mzee hana la kufanya. Anatia ufunguo saa ya ukutani, anakaa, anasimama, anaitazama kama imesimama. Haijasimama.

13 Machi

Kwenye chakula cha jioni mume wangu akasema, "Baba, mkweo ana kazi ya mikono midogo, imemshinda." Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Baba mkwe amtumikie mkaza mwanawe? Lakini mzee alikuwa ameshaacha kutafuna. "Ndogo kiasi gani?" akauliza.

15 Machi

Leo niandike yote.

Alikuja kitaluni amevaa shati la kazi lililopigwa pasi. Akatandika kitambaa cheupe mezani, akapanga tupa tatu nyembamba na vibano viwili, akaweka kioo chake cha fundi saa, cha kukuzia vitu, kwenye jicho la kulia. Nikamweleza: ukwaruze hadi weupe uonekane, usiingie zaidi. Akanionyesha kwa mbegu ya kawaida. Alikwangua mara tatu, akapuliza, akanipa nione. Weupe ulikuwa mdogo kuliko kichwa cha pini. Nilitaka kumkumbatia, lakini mkwe hakumbatiwi.

Mkuu akaniita ofisini kwa sababu ya fomu. Nilikaa kama nusu saa.

Niliporudi nilikuta mbegu saba za Mkaidi zimepangwa mstari juu ya kitambaa, na Redio anapiga makofi. Nikainama. Zote saba zilikuwa zimekwaruzwa kwenye kitovu.

Kitovu ni kile kidoa cheupe pale mbegu ilipokuwa imeshikana na mama yake. Chini yake tu, karibu kabisa na ganda, ndipo mzizi mchanga umelala. Ukikwaruza hapo unaukata kabla haujazaliwa. Watu wote wa kazi hii wanalijua hilo, wanakwaruza upande wa pili, na ndiyo maana sikumwambia. Ni kama kumwambia mtu asivae viatu kichwani.

"Nimeona zina alama," akasema mzee, na kioo bado kiko jichoni. "Nikasema, ala! Kumbe ni kama saa. Saa haifunguliwi popote, mkwe. Ina kialama chake kwenye mfuniko, unaingiza ncha pale pale, inafunguka yenyewe. Fundi asiyekiona anaharibu mfuniko mzima."

Alikuwa anacheka. Tangu msiba sijamwona akicheka, na mume wangu, aliyepita kuniletea funguo, alikuwa amesimama mlangoni anamtazama baba yake huku macho yamemlowa.

Angekuwa Redio, ningepiga kelele hadi ndege wahame. Nikasema, "Kazi safi, baba."

Kisha nikatafuta pa kupitia. Nikasema labda hizi kumi na saba zilizobaki tuzikwaruze upande wa pili, ili tulinganishe. "Utafiti!" akasema mzee kwa furaha, akazikwaruza zote mkabala wa kitovu, moja baada ya moja, bila kukosea hata moja. Kwenye daftari la kazini nikaandika: *Jaribio la pande mbili. Saba kitovuni, kumi na saba mkabala.* Hakukuwa na jaribio lolote. Nilikuwa nimeuma ulimi, nikaupa ulimi jina la utafiti.

16 Machi

Zimelala majini na kuvimba zote, hata zile saba. Tumezipanda. Mzee ameomba saba zake za kwanza azipande mwenyewe. Ameziweka vikopo vyenye namba, moja hadi saba, na ameweka kiti pembeni.

20 Machi

Mvua. Joto la kawaida. Mzee kitini.

24 Machi

Mvua. Mzee kitini. Amewaletea wafanyakazi wote saa zao mbovu zikiwa zinatembea. Hata ya Mkuu, iliyokuwa pambo tu mkononi, sasa inasema kweli, na Mkuu ameanza kuwahi kazini. Hakuna anayemshukuru mzee kwa hilo.

29 Machi

Anaongea na vikopo vyake. Anavipa majira: "Haya, saa mbili kamili, amkeni." Redio kaniambia kwa sauti ya chini, na kwake sauti ya chini inafika getini, kwamba hajawahi kuona mtu anayependa mbegu hivi kunishinda mimi.

Nimeanza kumpenda mzee huyu, si kwa sababu ni baba wa mume wangu. Ana namna ya kuomba ruhusa kabla ya kuhamisha hata jani kavu. Na kila nikimpenda zaidi, neno lile linazidi kuwa zito kulitoa.

2 Aprili

Mzee alikwenda kupimwa macho. Nikachimbua kikopo namba nne. Imeoza, inanuka. Namba moja, vivyo hivyo. Nikachimbua zote, nikazitazama, nikazirudishia udongo na kuusawazisha kwa kidole ili usionekane umeguswa. Nilipoinuka, Redio alikuwa amesimama na toroli.

"Dada," akasema.

"Nyamaza."

Mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza. Mzee aliporudi akaketi pale pale, akanyunyizia maji udongo wenye maiti saba.

9 Aprili

Zile kumi na saba nazo kimya. Wanasema subira yavuta heri. Aliyesema hakuwa na mbegu kumi na saba.

13 Aprili

Mvua haikatiki. Tumeziba paa linapovuja.

17 Aprili

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo nimeumbuliwa.

Ilikuwa asubuhi, mvua inapiga juu ya paa hadi inabidi watu wapaze sauti. Mzee alikuwa kitini, akamuuliza Redio kama namba tatu haihitaji kusogezwa penye mwanga. Redio alikuwa na haraka, amebeba gunia, akajibu bila kufikiri: "Mzee wangu, hizo saba achana nazo, zilishakufa zamani! Si zilikatwa kitovuni? Dada alizichimbua wiki mbili zilizopita."

Halafu akasikia alichokisema. Gunia likamteleza begani.

Mzee hakuniangalia. Alichukua kikopo namba moja, akakimimina juu ya kitambaa cheupe, akaitafuta mbegu kwa kibano, akaweka kioo jichoni. Aliitazama muda mrefu sana. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Siku ile ulipotoka ofisini, uliona?"

"Niliona, baba."

"Na ukasema kazi safi."

"Nilisema."

"Na mimi mwezi mzima naziamsha."

Akakung'uta kitambaa, akakikunja pande nne, akafunga vifaa vyake. Nilimkimbilia na mwavuli, akaupokea, akauegemeza ukutani, akaondoka na mvua.

Redio alilia kuliko mimi. Nilimwambia kosa si lake, na ni kweli. Yeye alitoa sentensi moja tu kwa bahati mbaya, na ilikuwa ya kweli. Mimi mwezi mzima nilitoa za uongo, tena kwa adabu.

18 Aprili

"Shikamoo baba." "Marahaba." Ndiyo maneno ya leo nzima.

19 Aprili

Hakuja kitaluni. Kiti kipo. Hakuna anayethubutu kukihamisha.

20 Aprili

Saa ya ukutani imesimama saa nne kasorobo. Hajaitia ufunguo. Nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba nasikia friji ikifikiri.

21 Aprili

Mume wangu amerudi safari. Nilidhani atanikaripia, akakaa kwenye ndoo jikoni, akacheka kidogo, akashika kichwa. "Sisi wanawe wanne hatujawahi kumwambia kwamba amekosea," akasema. "Hata siku moja. Alinishonea begi la shule, mikanda yote kaiweka kushoto. Nililibeba miaka mitatu. Bega hili mpaka leo liko chini." Akanionyesha bega. Ni kweli liko chini. Miaka yote hii nilidhani ni la udereva.

"Nenda kazungumze naye," akasema. "Mimi siwezi."

22 Aprili

Nilimkuta kwenye baraza, mikono juu ya magoti. Nikakaa chini, kwenye ngazi. Nikasema nimekuja kuomba radhi: nimemdanganya, nimemwacha anyweshee maji mbegu zilizokufa, na zaidi ya yote nimeua mbegu saba za mti ambao hauna mwingine.

"Wewe umeziua?" akasema. "Tupa ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Sikukuelekeza mahali, baba. Na nilipoona sikusema. Nilikuheshimu."

Hapo ndipo alipokasirika. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata leo haikuwa kubwa.

"Sikiliza, mkwe. Miaka arobaini nimekaa dukani. Mteja mkali akirudishiwa saa mbovu anaitupa juu ya meza, ananitukana, naifungua tena, najifunza. Yule mwenye heshima anasema asante fundi, anaichukua mbovu vile vile, anaipeleka kwa mwenzangu wa mtaa wa pili. Mimi nabaki nadhani nimeitengeneza. Mwisho wake duka limebaki tupu, nikasema ni simu. Labda ni simu. Lakini sijui, na sitajua, kwa sababu watu walikuwa wananiheshimu."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimekuja kwako nikapata kazi. Nikasema huyu mwanamke anafoka, anamfokea hata mkubwa wake, basi akiniambia safi, ni safi. Nililifurahia neno lile, mkwe, sikufichi."

Nililia pale kwenye ngazi, naye akaniacha nilie, hakunibembeleza. Nilimshukuru kwa hilo. Mwishowe akauliza, "Na zile kumi na saba?"

"Bado, baba."

"Upande ulikuwa sahihi?"

"Ulikuwa sahihi. Hata mimi nisingeweza kufanya vile."

"Hilo ni kweli au ni heshima?"

"Ni kweli."

Akaniangalia usoni muda, kama anavyoangalia ndani ya saa. Kisha akaingia ndani, na baada ya kidogo nikasikia ufunguo ukizungushwa ukutani.

23 Aprili

Nimefuta jaribio langu la uongo kwenye daftari la kazini. Kama siku moja mtu atapata mbegu za Mkaidi mahali na akafungua daftari letu, asije akapoteza nusu kwa kunifuata. Nimeandika: *Hapakuwa na jaribio. Mbegu saba zilikwaruzwa kitovuni na kuoza. Mtunza kitalu hakutoa maelekezo, na alipoona hakusema.*

Mzee alikuwa nyuma yangu. Amerudi leo, na shati lake limepigwa pasi. Akaniomba nimsomee, nikamsomea.

"Mimi niko wapi?"

"Baba, si lazima..."

"Saba zile ni za mkono wangu. Usininyang'anye kosa langu. Andika."

Nikaandika: *Aliyekwaruza ni fundi saa, alidhani kitovu ni alama ya kufungulia.* Akaniambia nisome tena, akatikisa kichwa akakubali, kama mtu aliyepokea risiti yake.

Mchana Mkuu alipita na kalamu nyekundu. Alisoma ukurasa mzima akiwa amesimama. Kalamu akairudisha mfukoni.

24 Aprili

Tumemwaga vikopo saba. Mzee ameviosha mwenyewe.

30 Aprili

Nilikuwa natoa konokono nikaona udongo wa trei ya zile kumi na saba umepasuka, ufa mwembamba, na chini yake shingo ya kijani imejikunja kama mtu anayeinuka na mzigo. Sikupiga kelele. Nilisogea nyuma hatua tatu, nikarudi, nikaangalia tena. Ipo.

Kisha nikapiga kelele. Redio alidhani nyoka, akapanda juu ya meza.

Mzee alikuja na kioo jichoni, akainama hadi pua karibu iguse udongo. "Saa ngapi imetoka?" akauliza. Nikamwambia hatujui, labda usiku. Alisikitika kidogo. Alitaka kuandika saa.

5 Mei

Wa pili na wa tatu.

11 Mei

Wa nne, wa tano, wa sita. Mume wangu alipiga simu kutoka njiani, nikamwambia sita, akapiga honi ya lori huko huko aliko.

14 Mei

Konokono amekula mmoja. Wamebaki watano. Sina la kuandika leo. Nina la kusema, lakini si mbele ya daftari.

26 Mei

Zilizobaki hazitaota tena, nimezipekua. Kati ya ishirini na nne tuna miche mitano. Redio anasema ni michache. Nikamwambia kabla ya hapo tulikuwa na gogo.

Mvua zinapungua. Kila mche una majani mawili mazito ya kwanza na chipukizi dogo katikati.

7 Juni

Leo tumehamisha miche kutoka kwenye trei kwenda kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya udongo. Ni siku ninayoiogopa kuliko zote. Mzizi ni mwembamba kama uzi, na shina likibonyezwa kidogo tu, basi, mche umekwisha ingawa utasimama siku mbili kama mzima.

Mkuu alikuja kutazama, na wenzetu wa bustani ya juu, na mume wangu aliyekuwa amepata mapumziko ya asubuhi kabla ya safari. Nilimpa mzee mche wa kwanza, ule wa tarehe thelathini. Mikono ile inastahili. Nikaulegeza udongo kwa kijiti, akapeleka vidole viwili, taratibu, kulishika shina.

"Baba, acha!"

Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka ukutani. Ilikuwa ile ninayomfokea nayo Redio. "Si shina! Shika jani! Jani likikatika litaota jingine, shina halioti!"

Kitalu chote kikaganda. Mume wangu akawa anaangalia viatu vyake. Mzee alibaki ameinama, vidole viwili hewani. Kisha akavisogeza polepole, akalishika jani la kushoto kwa ncha tu.

"Hapa?"

"Hapo."

Akauinua. Mzizi ulitoka mzima, mrefu kuliko tulivyodhani, na punje za udongo zikining'inia. Akauteremsha ndani ya kiriba, nikajaza udongo pembeni kwa kijiko. Tukafanya wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Yote aliishika majani.

Alipomaliza akatoa kioo jichoni, akajifuta jasho, akamgeukia Redio. "Umesikia?" akamuuliza. "Umesikia nilivyofokewa?" Akaenda kumuuliza na Mkuu.

Jioni nilikuwa napanga vyombo, mzee yuko sebuleni na simu imewashwa spika kwa sababu hasikii vizuri. Mume wangu alikuwa njiani tena.

"Leo nimefokewa," mzee akamwambia, "na binti yangu. Mbele ya watu."

"Baba, mimi si nilikuwepo? Halafu binti yupi? Wewe huna binti."

"Ninaye," akasema mzee. "Na miche yote mitano imesimama."